Vyuo vya Thika Road ni maabara tosha, mbona milango imefungwa?

Tuseme unaishi Githurai 45, bedsita, orofa ya nne. Saa kumi na moja alfajiri unafungua mfereji na unatoa hewa tu. Pampu ya ploti imegoma tena. Keateka anasema fundi yuko njiani, na amekuwa njiani tangu Jumanne. Unashuka na mtungi wa lita 20, unapanda nao ngazi zote hizo, unaoga nusu ndoo, halafu unakimbia steji kudandia matatu ya kwenda KU, Ruiru ama Juja. Saa mbili uko darasani. Mhadhiri ameandika ubaoni hesabu ya shinikizo la maji ndani ya bomba, nawe unainakili vizuri kwa sababu unajua huwa haikosi kwenye mtihani.

Nje ya dirisha la darasa hilo, mwendo wa dakika tatu, kuna kibanda cha pampu. Ndani kuna pampu inayofanya kazi kwelikweli, geji ya shinikizo, vali, kisanduku cha swichi, na fundi aliyekaa nayo miaka mingi hadi akisikia tu mlio wake anajua beringi imeanza kuisha. Mlango una kufuli na maandishi mekundu ya kukukataza kuingia. Utakaa chuoni miaka minne au mitano na hutawahi kuvuka huo mlango. Utavaa joho, mama atapiga vigelegele, utarudi Githurai, na pampu ikigoma utamngoja yule fundi wa Jumanne kama kila mtu mwingine kwenye ploti.

Mimi naona hiyo ni hasara kubwa kuliko tunavyoifikiria, na kwa sisi wa Thika Road inauma zaidi. Hebu hesabu vyuo ambavyo mtu wa Githurai anavifikia kwa matatu moja. Ukielekea mjini kuna USIU. Ukielekea Thika kuna Kenyatta pale Kahawa, kisha Zetech, JKUAT pale Juja, halafu Mount Kenya mjini Thika. Kila kimoja ni kama mji mdogo. Kina maelfu ya watu wanaooga, wanaokula, wanaochaji simu na kwenda msalani kila siku. Kina matangi, jenereta, jikoni kubwa, mabomba ya maji taka, paa zinazovuja, maabara zenye kemikali, barabara zake na taa zake. Kenyatta yenyewe ilianzia kwenye kambi ya jeshi la Waingereza, iliyokabidhiwa kuwa chuo mwaka 1965, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Mahali palipojengwa na kuongezwa majengo kwa miaka mingi namna hiyo, mtu anaweza kusoma historia nzima ya ukarabati wa majengo Kenya bila kutoka nje ya geti.

Kazi ya kuweka mji kama huo hai ina jina: usimamizi wa majengo na huduma zake. Usidhani ni ukeateka wenye tai. Mwaka 2018 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango cha 41001 kwa ajili ya kazi hii peke yake. Anayeifanya anapaswa kujua stima, maji, moto, mikataba ya usafi na ulinzi, bajeti, sheria, na zaidi ya yote, tabia za watu. Lifti haiharibiki kwa sababu ya nyaya pekee. Huharibika pia kwa sababu watu 14 wameingia mahali pa watu wanane.

Wenzetu wa ng'ambo walishagundua kwamba mahali pazuri pa kufundishia kazi hiyo ni chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, kina mpango mzima wa kuifanya kampasi iwe maabara hai. Mwaka 2012 kilifungua mtambo unaotumia mabaki ya mbao kupasha joto majengo yake, na mtambo huohuo watafiti na wanafunzi wanautumia kama chumba cha majaribio. Joto lisipofika hosteli, si swali la mtihani tena. Kuna watu wanaotetemeka kwa baridi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Canada. Panda matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi Madaraka. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka paneli za sola za kilowati 600 juu ya paa zake, na baadaye kikatia sahihi mkataba wa kuiuzia Kenya Power umeme wa ziada. Ila kinachonivutia si paneli, kwa sababu paneli mtu yeyote mwenye pesa ananunua. Garden City, pale unapopita kila siku kwenye superhighway, waliweka za kilowati 858 juu ya maegesho ya magari mwaka 2015. Tofauti ni kwamba Strathmore ina kituo cha utafiti wa nishati kinachofundisha mafundi wa sola, wale wanaotafuta leseni za serikali za daraja T1, T2 na T3. Mwanafunzi hapo hasomi kuhusu sola ya mtu wa mbali. Mtambo wenyewe uko juu ya kichwa chake. Wingu likipita, anaona namba zikishuka.

Sasa utaniambia Strathmore ni chuo cha kibinafsi chenye uwezo, na vyuo vya umma vina madeni hadi shingoni. Ni kweli. Ila hebu tuangalie deni lenyewe linatoka wapi, tuanze na bili ya stima.

Wewe wa tokeni unalipia uniti, basi. Chuo ni mteja mkubwa, na mteja mkubwa hulipia pia vitu ambavyo wewe huvioni. Kwanza ni kilele cha mzigo: ile nusu saa ya mwezi ambapo kila kitu kiliwaka kwa pamoja. Kama saa tatu asubuhi pampu zote zinavuta maji, jikoni wanachemsha githeri, na kila ofisi imewasha birika la chai, kilele hicho kinaingia kwenye bili hata kama siku nyingine zote mlikuwa watu wazuri. Pili, mota za pampu na feni huvuta mkondo mwingine wa stima ambao haufanyi kazi yoyote ya maana. Ukizidi, yaani kile kipimo wahandisi wanachokiita pawa fakta kikishuka chini ya 0.9, unatozwa faini juu ya bili. Dawa inajulikana. Unasogeza muda wa kujaza matangi hadi usiku, na unafunga kapasita pale kwenye swichi kuu. Lakini kwanza lazima kuwe na mtu wa kusoma mita kila nusu saa, achore mchoro, aone kilele kiko wapi.

Nani ana muda wa kukaa na mita wiki sita mfululizo? Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetafuta mada ya mradi wake wa mwisho! Badala yake tunamwona akinakili mradi wa komredi aliyemaliza miaka mitatu iliyopita, akibadilisha jina la juu tu.

Na si jambo la hiari sana. Kanuni za serikali za mwaka 2012 kuhusu usimamizi wa nishati zilitaka jengo au taasisi inayotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka ifanyiwe ukaguzi wa matumizi ya nishati kila baada ya miaka mitatu. Gawanya kwa 12, unapata uniti 15,000 kwa mwezi. Kama wewe bedsita yako hula uniti 50, hao ni watu 300 kama wewe. Hosteli mbili tatu zimeshafika hapo kabla hujagusa maabara wala ofisi. Kazi hiyo ya ukaguzi ina wataalamu wenye leseni na hulipwa. Hakuna sheria inayomzuia mtaalamu huyo kuja na wanafunzi 20 wakimbebea vifaa na kuuliza maswali.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde, tukisema tone ni robo mililita, unapoteza lita 21 na kitu kwa siku. Huo ni mtungi wako wa alfajiri, ule uliopanda nao hadi orofa ya nne, unamwagika kila siku kwenye bafu la hosteli huku watu wakipiga mswaki kando yake. Hesabu mifereji inayodondosha kwenye hosteli yako. Mimi nimewahi kuhesabu kwenye hosteli moja, nikaacha baada ya orofa ya pili kwa sababu nilikuwa nakasirika.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hauhusu pesa hata kidogo. Aprili 2015, siku kumi tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, kulitokea mlipuko wa hitilafu ya stima alfajiri kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliokuwa wamelala walidhani ni magaidi. Wengine waliruka kutoka orofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huohuo, Strathmore, chuo hichohicho ninachokisifu, kilifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio, risasi za kuigiza zikalia, na watu ambao hawakujua kuwa ni zoezi wakaruka. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha.

Soma matukio hayo mawili kama mtu wa majengo. La kwanza lilianza na waya na likamalizwa na hofu: giza, ngazi, milango, na mamia ya watu ambao hawakuwa wamefundishwa waelekee wapi. La pili lilikuwa mafunzo yenyewe, na bado likaua, kwa sababu kuendesha zoezi la dharura ni taaluma yenye kanuni zake. Sheria zetu kuhusu moto kazini za mwaka 2007 zinataka zoezi la kutoka kwenye jengo angalau mara moja kwa mwaka. Sasa jiulize mwenyewe: tangu uingie chuo, umeshiriki mangapi? Kizima moto cha korido yako, mshale wake uko kwenye kijani au umelala kwenye nyekundu? Mlango wa dharura una mnyororo? Kama hujui, na unasomea uhandisi, usanifu au usimamizi wa ujenzi, kuna mtu amekusahau.

Kwa nini basi vyuo havifanyi hivi? Kusema ukweli sababu zipo, na si zote za kijinga.

Kubwa kuliko zote ni kwamba chuo kina serikali mbili zisizosalimiana. Kuna ya wahadhiri na kuna ya idara ya majengo na ukarabati. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala anazochapisha, si kwa pampu anayoionyesha darasa lake. Fundi wa majengo naye hupimwa kwa malalamiko aliyoyamaliza, na wanafunzi 40 waliojazana kibandani ni malalamiko mapya. Hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kuvuka uwanja kumtafuta mwenzake. Halafu kuna bima: mwanafunzi akiguswa na stima, nani atajibu? Na kuna siri. Bili za chuo huwekwa kabatini kama barua za mapenzi. Mwanafunzi akiomba namba za mita huulizwa ametumwa na nani.

Kuna hatari nyingine ambayo mimi naiogopa zaidi ya hizo zote. Chuo kisicho na pesa kikisikia neno maabara hai, kinaweza kusikia vibarua vya bure. Wafundi wafutwe, wanafunzi waletwe na mafagio na spana, waitwe wako atachimenti. Hilo tulikatae mapema. Mwanafunzi aje kupima, kuuliza, kujaribu chini ya macho ya fundi, na fundi alipwe kitu cha ziada kwa sababu siku hiyo amekuwa mwalimu. Kusema kweli huyo ndiye mwalimu tuliyemkosa. Mtu aliyeilea jenereta kwa miaka 20 ana masomo ambayo hayako kwenye maktaba yoyote, na akistaafu anaondoka nayo. Kama hana makaratasi, serikali ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, na mitihani ya NITA ya mafundi ipo tangu zamani. Vyuo vya kiufundi, kama kile cha Thika, vimezoea zaidi mtindo wa kumpima mtu kwa anachoweza kufanya. Chuo kikuu hakitapungukiwa heshima kikienda kujifunza huko.

Turudi Githurai, kwa maana hapo ndipo mambo haya yanaishia. Simama kwenye flaiova ya 45 jioni uangalie upande wa Kiambu. Ploti juu ya ploti, orofa tano, sita, saba. Nyingi zina tangi juu ya paa, pampu chini, mita zimepangwa ukutani kama sanduku za posta, shimo la maji taka mahali fulani, na keateka mmoja anayefagia, anayekusanya kodi, anayeamua ugomvi na anayejaribu kuwa fundi. Hakuna aliyemfundisha kusoma ufa. Huruma, Aprili 2016, jengo la orofa sita lilianguka usiku wa mvua na kuua karibu watu 50. Lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa, na bado watu walikuwa wamelala ndani. Ufa una lugha yake: unaokimbia kwa ulalo kutoka kona ya dirisha si sawa na ule mwembamba wa plasta iliyokauka vibaya. Kuifahamu lugha hiyo ni somo la wiki chache, ukiwa na ukuta wa kuonyeshwa. Vyuo vyetu vina kuta za kila umri.

Landilodi wa Githurai hataajiri mtu wa digrii kwa ploti moja. Tusidanganyane. Hesabu haikubali. Lakini ploti kumi za mtaa mmoja, zikishirikiana kumlipa kijana mmoja mwenye mita ya mkononi, ratiba ya kukagua pampu, na namba za mafundi anaowaamini, hapo inaanza kukubali, hasa landilodi akionyeshwa pampu alizochoma mwaka jana zilimgharimu kiasi gani. Na soko halijaishia kwenye ploti. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu nyumba za kugawana jengo moja inataka wenye fleti waunde shirika la kutunza sehemu zao za pamoja. Nyumba za bei nafuu zinapanda kila kona: Park Road pale Ngara pekee kuna nyumba 1,370. Kanuni mpya ya ujenzi ya mwaka 2024 imechukua mahali pa ile ya 1968. Tunajenga kwa kasi ya ajabu, na kila siku ya makabidhiano kuna riboni, hotuba na funguo. Sijasikia hotuba hata moja inayomtaja atakayeitengeneza lifti mwaka wa saba.

Kwa hiyo wewe wa KU, wa Juja, wa Ruiru, usingoje mtaala ubadilishwe. Mtaala hubadilishwa na watu ambao hawaogi kwa nusu ndoo. Anza na mada ya mradi wako wa mwisho. Nenda ofisi ya majengo ukiwa na barua ya mhadhiri, uombe kitu kimoja kidogo: namba za mita ya jengo moja kwa miezi 12. Usiombe za chuo kizima, watakutilia shaka. Chora kilele kiko wapi. Hesabu mifereji ya hosteli moja inayodondosha, uzidishe kwa lita 21. Peleka karatasi mbili, si kitabu, kwa afisa wa fedha, kwa sababu yeye ndiye anayelia bili ikija. Chama chenu cha wanafunzi, badala ya kugombania nani atapanga beshi ya wageni, kiulize kwenye kikao zoezi la moto la mwaka huu ni lini, na litatangazwa vipi ili asiruke mtu.

Na ukipata nafasi ya kuongea na yule fundi wa kibanda cha pampu, mbebee chai. Muulize beringi ikianza kuisha hulia vipi. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu wa digrii, watakueleza hadi giza liingie. Jioni ukirudi 45, kabla hujapanda ngazi, pitia kwa keateka mkasikilize pampu ya ploti pamoja. Pengine haikuhitaji kumngoja fundi tangu Jumanne. Pengine ilihitaji mtu wa kusafisha vali ya chini iliyoziba matope, kazi ya nusu saa na spana moja ya kuazima.